Nifutie, Mpaka Ndani

Mdogo wangu Rogath hakuwahi kuoa. Tulikuwa tukimtania kwamba mke wake ni gita, naye anacheka tu, haongezi neno. Siku hizi hatumtanii tena. Siku hizi ukipita kwetu Chinongwe utamkuta amekaa barazani, mbele ya meza iliyokuwa mlango wa jiko la marehemu baba, mikono kaiweka mapajani, na vijana wasio na adabu wanapita na pikipiki wakipiga kelele, "Oyaa, Fundi Futa!" Nawajibu mimi. Nawajibu vya kutosha, na waliowazaa nawataja. Naitwa Agatha, nakaanga maandazi hapo hapo barazani, na mdomo wangu hauna breki, najua. Lakini haya ya Rogath nayasema kwa utaratibu, maana nimechoka kusikia watu wakiyageuza kichwa chini miguu juu.

Ufundi aliupata Nachingwea, kwa baba yetu mdogo aliyekuwa akitengeneza redio za betri. Alirudi na koleo moja na chuma cha kuyeyushia risasi ya kuunganishia nyaya, akaanza na redio za jirani. Kisha gita la kwaya ya parokia likavunjika shingo, wakamletea kwa kujaribu tu, si kwa kumwamini. Akachonga shingo mpya ya mninga. Pale juu nyuzi zinapopita hakuweka plastiki, aliweka kipande cha mfupa wa ng'ombe, akakisugua na msasa mpaka kikawa laini kama jino la mtoto. Gita likaimba. Tangu hapo hakupumzika. Nyuzi zikikosekana madukani alikuwa anafumua waya wa breki ya baiskeli, anavuta uzi mmoja mmoja, anaukwaruza na ukucha, anasema huu unafaa, huu tupa. Wakamletea amplifaya, spika za harusini, vinanda, hata kipaza sauti cha msikiti. Baraza letu likawa linanuka risasi iliyoyeyuka na mafuta ya maandazi.

Alikuwa na tabia moja iliyokuwa ikiniudhi. Anafanya kile ulichosema, basi. Hapunguzi, haongezi. Ukimwambia kaza uzi wa tatu, atakaza wa tatu, hata kama wa nne unalia vibaya mpaka mbuzi wanageuza shingo. Nikimuuliza kwa nini asikaze na huo, ananijibu, "Dada, kitu cha mtu ni cha mtu. Mimi ni nani nimwamulie?" Watu walimpenda kwa hilo. Mimi nilimwambia wazi kwamba ni ujinga, akacheka.

Nyuma ya ua wetu wa matete anakaa Mama Huzaifa. Jina lake Mwamini, ila hakuna anayemwita hivyo. Wao ni Wamwera, Waislamu, wa hapa hapa tangu zamani. Sisi ni Wamakua, Wakatoliki, baba alihamia akifuata shamba. Tunaelewana vizuri, tunapeana chumvi na moto, ila Kimwera chetu ni cha salamu tu na Kimakua yeye hakijui kabisa. Tunakutana kwenye Kiswahili. Kiswahili chake yule mama ni cha sokoni, kifupi kifupi, maneno matatu kisha anakuangalia kama umeelewa. Alizika watoto wengine wakiwa wadogo. Huzaifa ndiye aliyebaki.

Huzaifa huyo alikuwa rafiki wa Rogath wa kufa na kuzikana. Akitoka shamba anaruka ua, anakuja kupiga gita alilotengenezewa na mdogo wangu. Sauti alikuwa nayo, jamani. Mimi sipendi kusifia wanaume, lakini kijana yule akiimba unga unasahau kuukanda. Siku moja alinunua kiredio kidogo, vile vya memori kadi vyenye kitufe cha kurekodi, wakakaa hapo barazani na Rogath wakarekodi wimbo alioutunga kwa ajili ya mama yake. Wimbo ukiisha, anasikika akikohoa kidogo, kisha anauliza, "Mama, umesikia?"

Mwaka ule ule, msimu wa ufuta, alipanda juu ya magunia kwenye lori la kwenda Nachingwea. Lori likapinduka korongoni. Wengine walivunjika miguu na mbavu. Yeye walimtoa chini ya magunia akiwa ameshakata roho. Gita lilikuwa naye, likawa kuni. Simu yake haikuonekana.

Kikabaki kiredio. Kila siku jua likianza kushuka, Mama Huzaifa anakaa mlangoni kwake, anakiweka pajani, anabonyeza. Tunasikia wimbo wote kupitia matete. Tunasikia na kile kikohozi. "Mama, umesikia?" Na yeye anajibu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeongea na mtoto aliyeko jikoni, "Nimesikia, baba." Kisha anazima, anaingia kupika.

Sasa watu! Watu hawana dogo. Kisimani wakaanza, oh, marehemu hapumziki, oh, mama anajiumiza, oh, atapata kichaa, aifute ile sauti. Wakamwambia na yeye mwenyewe usoni, mbele yangu, Waislamu kwa Wakristo, hapo hawakutofautiana. Yeye anawaangalia tu, anatwika ndoo yake. Rogath alikuwa anayajua hayo maneno yote. Na yeye alikuwa na wimbo ule kwenye simu yake, waliurekodi mara mbili siku ile. Akiusikiliza anaweka sikioni, peke yake, asimtoneshe mama wa watu.

Ukaja msimu wa kupulizia mikorosho dawa. Anayeishi huku anajua: mashine zinanguruma mashambani tangu alfajiri, na vumbi la salfa linaingia kila mahali. Linaingia kwenye mboga, kwenye nywele, kwenye shuka. Kila kitu kinakuwa cha manjano na macho yanawasha. Siku moja nilikuwa nimeshika unga, mikono imejaa mpaka viwiko. Mama Huzaifa akaja na kiredio amekifunga kwenye pindo la kanga.

"Shikamoo, mama," Rogath akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea hii. Imejaa. Nifutie."

Rogath akaweka chini koleo. "Nifute, mama?"

"Futa. Imezidi sasa. Nikiiwasha inanitoa machozi."

Nilimwona mdogo wangu uso ukimbadilika. Na mimi nikajisemea, maskini, wamemshinda. Yale maneno ya kisimani yamemwingia.

"Nifute yote?"

"Yote. Mpaka ndani. Mimi naogopa, nitaharibu."

"Mama, una hakika?"

"Ebo! Unaniuliza mara ngapi? Wewe si ndiye fundi? Futa, nitaipitia jioni."

Akaondoka. Rogath alikaa na kile kiredio muda mrefu. Nikamwambia, "Mwache mama apumzike, fanya alivyosema." Akakiwasha kwa sauti ndogo, akausikiliza wimbo mpaka mwisho, mpaka kile kikohozi, mpaka lile swali, na machozi yanamtiririka wala hayafuti. Kisha akatoa memori kadi, akaiweka kwenye simu, akafuta yote. Nilidhani amemaliza. Akatafuta na wimbo ule uliokuwa kwenye simu yake, akaufuta na huo.

"Wewe! Huo si wako?" nikamuuliza.

"Dada, ua wenyewe wa matete. Siku nikijisahau nikaupiga, atasikia. Amesema yote."

Kisha, ili yule mama asiwashe redio akakuta kimya, akaijaza kadi kaswida nzuri nzuri alizopewa na watu wa msikiti alipowatengenezea kipaza sauti. Aliona anamfanyia wema. Siku hiyo moja tu maishani mwake aliongeza kitu ambacho hakuambiwa, na kitu chenyewe ndicho kilichokuja kumponza.

Jioni Mama Huzaifa akaja. Akakipokea kiredio kwa mikono miwili, akakigeuza huku na huku. Akapitisha kidole juu ya spika. Kidole kikatoka cha manjano. Akatuonyesha kile kidole, anatabasamu kidogo, kama anayemgombeza mtoto mvivu.

"Mwanangu, mbona hujafuta?"

Rogath alikiangalia kile kidole. Mimi nilikiangalia kile kidole. Yesu wangu! Salfa. Alikuwa anaongelea salfa. Imejaa salfa, inamtoa machozi, ifutwe mpaka ndani, anaogopa kufungua mwenyewe ataharibu. Maneno yake yote yalikuwa sawasawa, hakukosea hata moja. Kiswahili hiki! Mtu anafuta meza, anafuta kamasi, anafuta deni, anafuta sauti ya mtoto wa mwenzake, yote neno moja. Nilitamani nikiite Kiswahili hapo mbele nikitie kofi.

"Nimefuta, mama," Rogath akasema. "Nimefuta ndani."

Yule mama hakuelewa. Akabonyeza. Zikatoka kaswida, watoto wengi wanaimba na dufu. Akabonyeza tena, kaswida nyingine. Akabonyeza tena. Akasogeza sikio.

"Huzaifa yuko wapi?" akauliza.

Mdogo wangu akapiga magoti kwenye vumbi, akamweleza yote. Alimweleza polepole ili aelewe, na hakujitetea hata kidogo. Mimi nilitaka kumtetea, nikasema watu wa kisimani ndio waliotuponza, akanikata kwa mkono. Mama Huzaifa alisikiliza mpaka mwisho. Angemtukana ningeshukuru. Angempiga na kile kiredio kichwani ningemshika mkono baada ya pigo la pili, si la kwanza. Hakufanya lolote. Alisema, "Haya," akakiacha mezani, akazunguka ua kurudi kwake, na jioni ile hakuwasha moto.

Alfajiri Rogath alichukua pikipiki mpaka Nachingwea kwa mtu mmoja mwenye kompyuta. Yule mtu alihangaika na ile kadi kutwa. Akamwambia ungeileta ilivyokuwa, tupu, pengine tungeokota kitu. Lakini umeshapakia vingine juu yake. Wakajaribu hivyo hivyo, na kujaribu kwenyewe kukafuta hata zile kaswida. Rogath akaitoa na simu yake. Simu ndogo, ilishajazwa picha na nyimbo za wateja mchana ule ule wa kufuta. Hakuna kitu. Akarudi na kadi nyeupe, haina hata kaswida.

Gabrieli, mwalimu wa kwaya, akaja na akili zake. Wimbo tunaujua wote, akasema, nina kijana ana sauti inayofanana, tumrekodi, mama mzee hatatambua. Alisema kwa nia njema, siwezi kumlaumu. Rogath alimtazama kwa hasira ambayo sikuwahi kumwona nayo tangu tumezaliwa.

"Na pale anapouliza kama amesikia," akamwambia, "huyo kijana wako atamwitaje? Mama?"

Gabrieli akaondoka na gita alilokuwa amelileta, halijatengenezwa.

Na hakuna kilichotengenezwa tena. Watu wanaleta vitu, Rogath anawauliza unataka nini hasa, wanasema, anawauliza tena, wanasema kwa maneno mengine, anawauliza tena, mpaka wanakasirika na kubeba vitu vyao. Njiani wanasimuliana habari ya ile kadi, na hapo ndipo jina la Fundi Futa lilipoanzia. Mikono yake imeanza kutetemeka, risasi inadondoka anakotaka na asikotaka. Kile kiredio alikirudisha mwenyewe kwa mama, na kadi yake tupu ndani, kwa sababu kitu cha mtu ni cha mtu. Jua likishuka sasa kule nyuma ya matete ni kimya. Nilikuwa sijui kwamba kimya kinaweza kukufanya uache maandazi yaungue.

Mwaka ukazunguka, mashine za salfa zikaanza tena kunguruma. Jioni moja nikamwona Mama Huzaifa anakuja, amekonda, pindo la kanga limefungwa. Rogath akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akafungua pindo, akaweka kiredio mezani. Kilikuwa cha manjano kote. "Nifutie."

Rogath hakukigusa.

"Kwa kitambaa, mama?"

"Kwa kitambaa. Usiogope. Ndani hamna kitu."

Akavua shati, hakutafuta kitambaa. Alikifuta kiredio kile kwa shati lake, mgongoni, pembeni, akachukua kijiti cha ufagio akatoa vumbi kwenye matundu ya spika, tundu kwa tundu, na mikono ile inayotetemeka haikutetemeka. Alimaliza, akampa. Mama Huzaifa akapitisha kidole. Kidole kikatoka safi.

Kisha akabonyeza. Spika ikatoa ule mkwaruzo wake mtupu, haina cha kusema. Hakukizima. Alisimama hapo hapo barazani amekishika kifuani, sisi tumesimama naye, kwa muda ule ule wimbo ulivyokuwa ukichukua, na mahali pa kikohozi akainua kichwa.

"Nimesikia, baba," akasema, akazima, akaenda kupika.