Misumari ya Bawa la Mzee Leonidas

Nasema mapema ili msije mkadai nimejisafisha: aibu hii ni yangu, nimeitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, na mpaka leo nikipita Nyabusozi kwa pikipiki naomba helmeti hata kama dereva mwenyewe hana, tena nashusha kioo chake. Wengine wana aibu za pombe, wengine za wanawake, mimi yangu ni ya misumari. Misumari midogo ya kushikizia kitambaa kwenye bawa la ndege. Chekeni tu, nimeshazoea.

Mimi ni fundi makochi pale Nemba. Kwetu hasa ni Mugoma, Ngara, kazi ndiyo ilinileta huku Biharamulo, na Speciosa ndiye aliyenibakiza. Speciosa ni muuguzi mjini, binti wa Mzee Leonidas wa Nyabusozi, na huyo Mzee Leonidas ndiye mwenye ndege. (Ndiyo, ndege, msinikate kauli.) Zamani alikuwa mlinzi wa kiwanja kidogo cha ndege cha misheni, na ndege ile ilikuwa ikileta dawa, ikazeeka, wenyewe wakaiacha, naye akaibeba kipande kwa kipande mpaka kwenye banda la matofali nyuma ya nyumba yake. Haitaruka tena, hilo hata yeye analijua, ila parokia ilikubali isimamishwe kwenye uwanja wa zahanati iwe kumbukumbu, na mzee akaapa kwamba haitoki bandani ikiwa na mbavu nje. Maana mabawa ya hizi ndege za zamani, hata mimi sikuamini mpaka nilipoyashika, si bati. Ni mbavu nyembamba za mbao zilizovalishwa kitambaa.

Sasa mimi nilipomdokezea mzee kwamba nataka kuleta washenga, hakukataa wala hakukubali. Aliniangalia, akaliangalia bawa lililolala juu ya meza, akasema habari za binti tutazizungumza bawa likishavaa nguo. Nikajua hapo ndipo ndoa yangu ilipolala.

Kitambaa cha kawaida cha pamba tungepata, vanishi ya kukikaza alikuwa nayo, shida ilikuwa vitu vya kukishika kwenye mbavu. Vibanio vyake vya zamani vilikuwa vimeliwa na kutu, vipya paroko aliviulizia nje ya nchi mpaka akachoka, na misumari yangu ya makochi tulipoijaribu kwenye ubavu mmoja ilipasua mbao hadi mzee akakaa chini. Alitaka misumari myembamba, mifupi, yenye kichwa kipana, isiyoshika kutu, pamoja na utepe mweupe wa kulala juu ya kila ubavu ili misumari isichane kitambaa. Mtu mwenye akili angesema hajui vinapatikana wapi. Mimi nikasema, tena kwa sauti kwa sababu mzee hasikii vizuri, kwamba hilo aniachie mimi.

Basi Jumamosi asubuhi nikaenda mjini. Duka la kwanza la vifaa vya ujenzi nikaeleza ukweli wote, bawa, ndege, kitambaa, na muuzaji akaniomba nirudie, halafu akamwita mwenzake wa duka la pili ili nirudie tena mbele yake. Duka la tatu mama mmoja mpole aliniuliza kama nyumbani wanajua nimetoka. Duka la nne wakanipa misumari ya bati, wakaniambia bawa nalo si ni paa tu. Nilitoka pale masikio yanawaka, jora la kitambaa cheupe begani (hicho nilikuwa nimekwisha kununua), sina msumari hata mmoja.

Ndipo nikapita kwenye karakana ya fundi majeneza. Jeneza moja lilikuwa wazi, na ndani yake kitambaa kimeshikwa kwa misumari ya njano, myembamba, mifupi, kichwa kipana, imepangwa juu ya utepe mweupe mstari mmoja safi kabisa. Nikasimama. Nikaigusa kwa kidole, nikainama kuangalia inavyokaa, na nadhani hata machozi yalinilenga kwa furaha. Fundi akaacha randa, akafuta mikono, akanisogelea na kuniuliza taratibu, "Ni nani, ndugu yangu?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilikuwa nimechoka kuchekwa. Nikaona nikitaja ndege na huyu naye atawaita wenzake, na isitoshe watu wa kazi hii hawapendi vitu vyao vichukuliwe kwa mchezo. Basi sikusema neno. Niliinamisha kichwa tu, nikitegemea swali lipite lenyewe.

Akaniambia, "Pole sana," akanishika bega. Akataka kujua kama nachukua jeneza lililo tayari, nikamjibu kwamba mbao tunazo wenyewe nyumbani, nahitaji misumari na utepe tu, na huo ulikuwa ukweli mtupu. Akauliza vinakwenda wapi. Nikamwambia Nyabusozi, kwa Mzee Leonidas. Akavua kofia. Nami nikafurahi moyoni, nikasema kumbe mkwe wangu anaheshimika mpaka mjini.

Dereva wa pikipiki aliyenichukua alikuwa amesimama palepale akisikiliza. Alilifunga lile jora nyuma kwa uangalifu ambao sijawahi kuuona kwa dereva yeyote, akawasha taa mchana kweupe, na tukaondoka polepole mno. Nikamuuliza kwa nini tunatambaa. Akasema, "Hatuna haraka tena, kaka." Sikumwelewa, lakini kwa kuwa pikipiki naziogopa nikamshukuru.

Kadiri tulivyokaribia Nyabusozi mambo yakazidi kunichanganya. Watu waliokuwa wakipalilia mahindi walisimama wakaegemea majembe, wanaume wakavua kofia, mzee mmoja akashuka kwenye baiskeli yake, akaiegesha na kusimama wima mpaka tukapita. Nikageuka nyuma nikidhani kuna gari la mkubwa linatufuata. Nikageuka tena. Vumbi tu. Nikaanza kuwapungia mkono, maana nilifanyeje, nao hawakunipungia.

Mzee Leonidas alipoiona ile misumari aliuchukua mmoja, akaugonga kwenye ubavu uliokwisha kupasuka, ukaingia bila mbao kulia. Akacheka peke yake. Tukafunga milango ya banda yote, kwa sababu hataki vumbi likae kwenye vanishi, na simu zote mbili akazizima na kuziacha ndani ya nyumba na nyumba akaifunga kwa kufuli, kwa sababu ana imani kwamba simu hutoa cheche na vanishi inapenda moto. Tukaanza. Yeye anapiga msasa ubavu, anavuta kitambaa, mimi nalaza utepe, nagonga. Ko, ko, ko, ubavu mmoja hadi mwingine, na niseme ukweli, kwa muda ule nilijiona tayari ni mtoto wa nyumba ile.

Jua lilipopinda nikasikia watu wanaimba. Nikamuuliza mzee kwa sauti, akatega sikio lake lenye nafuu, akasema ni kwaya ya kigango inafanya mazoezi. Baadaye nikasikia kama mtu analia. Akatega tena, akasema ni mbuzi wa jirani. Sikuridhika, nimewahi kumsikia mbuzi, lakini mtu unayemtaka binti yake humbishii habari za mbuzi wake na jirani yake.

Jioni upande mmoja ukawa tayari, mweupe, umekaza vizuri, utepe umenyooka. Mzee akaupapasa kutoka mwanzo hadi mwisho. Akaniambia nitoke nikatafute wanaume wanne wa kutusaidia kugeuza. Nikajipangusa uso, nikafungua mlango.

Uwanja mzima ulikuwa watu. Turubai limefungwa kutoka kwenye paa la nyumba hadi kwenye migomba, magogo yanawaka, kina mama wameketi kwenye mikeka wamenyoosha miguu, wengine wanalia, mikungu ya ndizi imerundikwa pembeni na madumu ya rubisi, ile pombe ya ndizi, kwaya imejipanga, katekista ana kitabu mkononi. Na mtu wa kwanza ambaye macho yangu yalimwangukia ni baba mdogo Gervas, kutoka Mugoma, amevaa lile koti lake la harusini, na nyuma yake wazee wengine wawili wa kwetu.

Sasa jiwekeni kwenye nafasi yangu. Baba mdogo Gervas ndiye niliyekuwa nimemwomba aongoze washenga wangu. Namwona hapa, kwa mkwe wangu, amevaa koti, kuna ndizi, kuna rubisi, kuna kwaya. Kwanza sikuelewa kabisa, halafu nikaelewa vibaya. Nikajua Speciosa amewapigia simu, wamepanga bila kuniambia, posa ni leo! Na wale kina mama wanaolia? Hata hilo nililipatia jibu: mimi ni Mhangaza, mila za Wasubi wa huku sizijui zote, huenda ndivyo wanavyomuaga binti yao.

Basi nikatabasamu meno yote nje. Nikashika mikono ya mstari wa mbele, shikamoo, shikamoo, wakawa wananitazama tu. Nikasimama katikati nikasema, "Nawashukuru sana kwa kuja. Kwangu mimi hii ni siku ya furaha kuliko zote. Kazi ya ndani inakaribia kuisha, nahitaji wanaume wanne tu."

Kwaya ikanyamaza. Katekista akafunga kitabu. Baba mdogo akanikamata kiwiko na kuniuliza kwa Kihangaza kama nimekunywa, na mimi nikiwa bado nacheka nikamwambia bado, nawasubiri wao. Hapo ikaingia pikipiki mbio, na Speciosa akashuka kabla haijasimama, yumo kwenye sare yake ya kazi, kiatu kimoja mguuni, analia kwa sauti akimwita baba yake. Akaniona. Akaliona tabasamu langu. Nilitaka kuliondoa usoni likakataa, na badala ya kuuliza kuna nini nikamwambia, karibu.

Sijui angenifanya nini, maana mlango wa banda ulifunguka na Mzee Leonidas akatokea, mweupe kichwa hadi miguu kwa vumbi la msasa, kitambaa kilichobaki kimemning'inia begani, akauliza kwa sauti ya mtu asiyesikia hao wanaume wanne wako wapi.

Watu walikimbia, jamani. Turubai lilishuka na upande mmoja wa kwaya. Katekista alipitia migombani, kitabu kilikutwa kesho yake. Baba mdogo Gervas, ambaye ana goti bovu tangu nimfahamu, alifika barabarani kabla ya vijana. Speciosa peke yake hakukimbia. Alimwendea baba yake, akamshika kifundo cha mkono, akaweka vidole viwili pale wanapoweka, akasimama hivyo, machozi yanamtiririka, anahesabu mapigo.

Mzee akauliza nani amekufa. Ilibidi Speciosa amwambie sikioni, naye akakaa kwenye mkeka wa msiba wake, akatazama ndizi.

Watu walirudi mmoja mmoja, na kila aliyerudi alieleza alivyosikia: dereva wa pikipiki kasema, jirani kasikia misumari inagongwa bandani, na penye kazi ile mtu haingii kuuliza maswali, nyumba ina kufuli, simu haipatikani, binamu yangu wa Nemba akapiga Mugoma. Kila uzi ukivutwa unaishia kwangu. Speciosa hakuwa ameuachia ule mkono wa baba yake.

"Nimelia njia nzima kutoka mjini," akaniambia. "Fundi alikuuliza ni nani. Kwa nini ulinyamaza?"

"Niliogopa kuchekwa," nikasema.

Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Mzee Leonidas akaniangalia kutoka pale mkekani, akaniuliza, "Deo, hebu niambie mbele ya hawa watu. Hapa kwangu hasa umefuata nini?"

Na mimi, kwa kuwa ndiyo kwanza nimetoka kuona kunyamaza kunavyoleta turubai, nikajibu papo hapo, tena kwa nguvu ili asikie vizuri:

"Nimekuja kumposa Speciosa."

Msiba mzima ulisikia. Kwetu mtu hajiposei kwa kinywa chake, ana wazee, ana washenga, yeye siku hiyo hata hatakiwi kuonekana, na mimi nimetamka mbele ya katekista, msibani, mbele ya marehemu. Baba mdogo Gervas alijifunika uso kwa kofia. Mzee akamgeukia binti yake wakatazamana, sikujua wanasemezana nini.

"Nenda nyumbani, kijana," akasema hatimaye. "Halafu utume watu wanaojua kusema."

Nikaanza kuomba msamaha, baba mdogo akanifinya. Chakula hakikurudishwa, walikila, mimi nikaondolewa uwanjani kabla hakijaiva. Tulipofika barabarani nikamwambia baba mdogo kwamba ndiyo basi, nimefukuzwa, na yeye akasimama kupumzisha goti akaniuliza kama makochi yamenimaliza akili: mtu aliyekataliwa anaambiwa atume watu? Nilikuwa bado nalitafakari hilo Speciosa alipotufikia, bado na kiatu kimoja. Mimi hakunitazama. Alimwamkia baba mdogo, akamwambia wazee waje Jumapili baada ya misa, na kwamba mimi nisionekane.

Tangu siku hiyo nimeapa: nikiulizwa dukani kitu ni cha nini, nasema, wacheke wakiweza mpaka wajikojolee. Jumapili hiyo nilishinda chumbani Nemba, mlango wazi, simu imewashwa, na kila jirani aliyechungulia kuniuliza nina nini nilimweleza yote tangu mwanzo bila kuombwa.