Nafasi ya Chama kwenye Fomu ya Mama

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, ni Jumanne moja ya mwezi wa tano, mwaka 2016, mama yangu alipoamka kabla yetu sote akavaa kitenge chake cha Pasaka. Tulikuwa tunakaa mtaa wa Beechmont, hapa hapa Louisville, Kentucky. Mama alikuwa na miaka sitini na sita, na siku hiyo alikuwa anakwenda kupiga kura kwa mara ya kwanza akiwa na haki ya kuchagua kweli. Nakusimulia, wewe ninayekuita mwanangu ingawa si wa nyumba yangu, kwa sababu juzi kanisani nilikuona unamjazia bibi yako fomu ya kujiandikisha kupiga kura, na kalamu yako ilikwenda mbio sana.

Mimi nilikuwa nimetimiza arobaini. Kwetu Uvira huo ni umri wa mtu kuanza kuitwa mzee, lakini katika uraia wa nchi hii nilikuwa mtoto wa miezi michache, na makosa yangu yalikuwa ya mtoto. Bon, nianze na ile fomu.

Tulikula kiapo cha uraia pamoja, mama na mimi, mwaka uliotangulia. Tulipotoka tu ukumbini, wanawake wa kujitolea wakatupa fomu za kujiandikisha kupiga kura. Mama alikuwa mwalimu zamani, kusoma hakukumshinda, ila siku hiyo miwani aliisahau nyumbani. Donc nikajaza zote mbili, yangu na yake. Nikafika mahali wanapouliza: chama gani? Mkono ukasita. Wewe hukuyaona ya Zaïre, nchi yetu ilipoitwa hivyo. Wakati wetu mtoto alizaliwa tayari ni mwanachama wa chama kimoja, apende asipende. Shuleni tulicheza juani kukisifu mpaka wengine wakazimia. Baadaye vyama vikawa vingi, na kuulizwa njiani wewe ni wa chama gani likawa swali la kukutia mashakani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nikaandika kwamba sina chama, kisha nikaandika hivyo hivyo kwenye fomu ya mama. Nilijiona mwerevu kweli. Mama akatia sahihi kwa kuniamini.

Baridi ya mwaka uliofuata kampeni za mchujo zikapamba moto, yaani kila chama kinachuja watu wake kabla ya kura kubwa ya Novemba. Televisheni ikajaa matangazo ya kusemana vibaya. Wagombea wakaja hadi mjini, barabara zikafungwa, nikachelewa kazini kwangu ghalani na msimamizi wangu akaninunia wiki nzima. Lakini jambo moja nililipenda: mlangoni kwetu hakuna aliyebisha. Vijana wa kampeni walipita na orodha mkononi, wakagonga kwa jirani wa kushoto, wakaruka kwetu, wakagonga kwa jirani wa kulia. Nikamshukuru Mungu kwa utulivu.

Mama hakuupenda utulivu huo. Kila Jumamosi alikaanga mandazi akawasubiri, maana alikuwa na swali lake. Mdogo wangu Furaha, kitinda mimba wake, alikuwa bado kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na watoto wawili, faili lake la kuja huku likizungushwa mwaka wa sita. Mama alitaka kumuuliza kila mgombea kupitia kwa watu wake: ukishinda, mlango wa wakimbizi utauacha wazi ama utaufunga? Kura yake ingefuata jibu hilo, basi, hakuwa na siasa nyingine.

"Mbona wanaturuka?" akaniuliza siku moja dirishani. "Sisi hatuonekani?"

"Mama, hao ni watu wa maneno mengi. Tule mandazi yetu."

Kuuliza si ujinga, lakini mimi sikuuliza. Na mwezi wa tatu shemeji yangu wa Columbus, Ohio, anayekaa mtaa wa Clintonville, alinipigia simu anacheka: amepiga kura ya mchujo, hana chama chochote, alipofika mezani walimuuliza tu anataka karatasi ya chama kipi. Nikasema moyoni, Marekani si ni moja? Kumbe kila mlango na ufunguo wake, na Ohio si Kentucky.

Basi ile Jumanne tukapanda basi hadi kituo cha kura, kwenye shule ya msingi. Mama akatoa kitambulisho kwa mikono miwili, vile alivyopokea meza ya Bwana kanisani. Mzee wa Kizungu aliyekaa mezani akapekua daftari, akapekua tena, kisha akaniangalia mimi. Akanieleza polepole kwamba hapa kwetu mchujo ni wa wanachama tu. Mama ameandikwa hana chama, na muda wa kubadilisha uliisha siku ya mwisho ya mwaka uliopita. Karatasi ya rais hakuna, si yake si yangu. Novemba tutakaribishwa.

Nikamtafsiria mama kwa sauti ndogo, natamani ardhi ipasuke inimeze. Yule mzee alimhurumia. Akabandua kibandiko kile wanachopewa waliopiga kura, akamnyooshea. Mama akakirudisha mezani kwa adabu.

"Mwambie aksanti," akasema. "Mimi sijapiga kura. Siwezi kuvaa uongo."

Alizungumza ndani ya basi, tulipokaribia kushuka. Hakugombeza. Mama hakuwa mtu wa kugombeza.

"Zamani serikali iliniandika ndani ya chama bila kuniuliza," akasema. "Wewe umeniandika nje ya chama bila kuniuliza. Mtoto wangu, tofauti iko wapi?"

Nikavuta kamba ya kusimamisha basi.

"Ule woga ulikuwa wako," akaongeza. "Wangu niliuacha Uvira."

Mwezi wa tisa moyo wake ulisimama akiwa usingizini. Novemba nilikwenda kupiga kura peke yangu, nikalia kwenye mstari mbele za watu. Furaha bado yuko kambini. Sisemi kura moja ya mama ingemleta, sina uhakika huo. Nasema mama alikuwa na swali na kura, na mimi nilimnyima vyote viwili kwa mstari mmoja wa kalamu.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Wanaopita na orodha ya wanachama hawamuulizi asiye kwenye orodha. Hapa kwetu chama si kiapo cha damu, ni njia ya kuingia kwenye chumba wanamochujia wagombea, na ukitaka kutoka unatoka. Sheria za jimbo kaulize ofisi ya kaunti, usiulize shemeji. Hata ndugu zetu wa Buffalo, kwenye jimbo jingine, wana tarehe zao za kubadilisha chama. Na ukimjazia mtu mzima fomu, msomee kila mstari, kisha subiri ajibu, hata kama basi linakuja. Akitaka chama, andika. Asipotaka, andika hivyo pia, mradi jibu limetoka kinywani mwake. Woga wako usiuandike kwa jina la mwingine.

Fomu ya bibi yako haijaondoka. Nilimwomba anayezikusanya aiweke kando, nenda kaichukue ukakae naye. Mungu akupe mkono mwepesi wa kusaidia na mzito wa kuwaamulia wengine. Akuzidishie siku, wewe na bibi yako, na siku yake ya kura ikifika, arudi nyumbani na kibandiko kifuani.