Mruko wa Voi

Titus Mwadime wa Mwakio. Babu yake ndiye aliyebeba gramafoni begani kutoka stesheni ya Voi mpaka Ronge milimani, asiitue hata mara moja. Baba yake alifundisha kwaya mpaka mawe yakaitikia. Naye Titus alipiga gitaa la Sagalla Rockers pale klabu ya reli, na waliocheza bado wanasimulia. Tangu astaafu kazi ya reli, ananunua mtandaoni albamu za roki za ujana wake, zilizotolewa upya, sauti imesafishwa hata unamsikia mwimbaji akivuta pumzi.

"Baba Sharon, bando imekwisha tena?" mkewe Wakesho humwuliza.

"Ng'ombe wa maziwa hula sana, mama."

Wakesho hucheka, na moyoni humsifu. Wazee wenzake huhesabu maradhi. Mume wake bado ana hamu ya kusikia.

Walipotimiza miaka hamsini ya ndoa, Titus alimwandalia zawadi: wimbo wa harusi yao, safi. Wimbo huo bendi ilijifunza kwenye santuri yenye mkwaruzo. Sindano ikifika katikati iliruka, nao wakadhani ndivyo ulivyotungwa. Wakaupiga hivyo hivyo, na Voi nzima ikazoea kuruka hapo.

Siku ya sherehe spika ikaunguruma. Wazee wakainuka. Walipofika pale wakaruka wote, Wakesho mbele, lakini wimbo haukuruka. Uliendelea na maneno wasiyowahi kuyasikia. Jirani yao Mumbe akatua karibu na sufuria ya pilau.

"Wakesho, mumeo kanunua wimbo wa wenyewe!"

Watu wakavunjika mbavu. Titus alisimama kando ya spika, uso umemshuka. Zawadi imeharibika, na gitaa lake limeumbuka mbele ya watu.

Wakesho akamwendea. "Tupigie wetu."

"Lile kosa?"

"Kosa gani? Mimi niliolewa na wimbo ule."

Titus akaingia ndani, akatoka na gitaa. Akaupiga. Pale pale akaruka, na uwanja wote, wazee kwa watoto, ukaruka naye, Mumbe akiwa mbali na pilau.

Alipochoka alimwita binti yao Sharon, mwalimu wa kwaya kama babu yake, akampa gitaa.

"Ule safi nitakuachia, mwanangu, uusikilize utulie. Lakini mruko wetu haumo humo, na hauuzwi popote. Kaa hapa nikuonyeshe vidole. Kisha uwafundishe hawa watoto."