Uvimbe Niliopatana Nao

Shauri lote hili limenigharimu nusu ya uso. Nimehesabu mara mbili, kama nilivyofunzwa, na jibu ni lile lile: jicho la kulia halifumbi sawasawa, mdomo wa upande huo umelala, na nikicheka hucheka nusu moja, nusu nyingine imekaa kama haikusikia kichekesho. Sokoni Malindi wauza samaki hawajui tena kama nafanya mzaha au nimekasirika, kwa hivyo hunipunguzia bei upesi. Hiyo ndiyo faida pekee, nami nimeitaja ili nisionekane mnung'unikaji.

Ninyi vijana mnaoingia kazi ya maabara mmeniomba niseme ilivyokuwa zamani. Nitasema, ila mjue nasema nikiwa na haya.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Kilifi. Nilidhani maabara ni kupima malaria basi. Mkuu wa Maabara, mtu wa maneno machache, akanikabidhi chupa yenye kipande cha nyama ndani ya fomalini, dawa ya kuzuia kuoza inayochoma macho kuliko pilipili. Nyama hiyo hutolewa maji kwa spiriti, huzamishwa katika nta ya moto hadi iwe kama kipande cha sabuni, kisha hukatwa kwa mashine vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Unavielesha juu ya maji ya uvuguvugu, unavitega kwa kioo, unavitia rangi: kiini cha seli hugeuka buluu, mwili wake waridi.

Akanikalisha kwenye hadubini. Ilikuwa tezi ya titi, vijifereji vya mviringo vilivyozungukwa na seli za epithelia, zile zinazotanda na kufunika viungo.

"Unaona tabaka ngapi?"

"Moja, bwana."

"Hesabu tena."

Nikahesabu tena. Nje ya zile seli nono kulikuwa na nyingine, bapa, zimejibana ukingoni kama watu waliochelewa arusini. Hizo huitwa mayoepithelia: ni epithelia, lakini hukaza kama misuli na kuikamua tezi.

"Kwenye titi, zikiwapo pande zote, ugonjwa bado uko ndani ya vijifereji," alisema Mkuu. "Zikitoweka, umeshatoka. Hesabu mara mbili, kuna mama wa watu anangoja."

Kuhesabu mara mbili nilikujua tangu dukani kwa baba, Mambrui, kwa hivyo kazi ikanikaa.

Baadaye nilihamishiwa Malindi, chini ya Daktari Mpatholojia, mwanamke ambaye ndiye aliyekuwa akisoma vioo na kutoa jibu. Siku moja uliletwa uvimbe kutoka chumba cha upasuaji. Nikaubonyeza, ukateleza, nikatangaza kwamba huu ni wa kheri, si saratani. Daktari hakuinua kichwa.

"Kidole chako kina hadubini?"

Maabara nzima ilicheka, na Kadzo, mwanafunzi wangu kutoka Magarini, alicheka kuliko wote. Kwa miezi, kila nikigusa kitu, hata embe za kununua, aliniuliza kama naziona seli.

Na daktari huyo tulizunguka Magarini na Mambrui kuwaambia kina mama wasifiche uvimbe. Msemaji nilikuwa mimi, maana mdomo nilikuwa nao. Niliwaambia hakuna aibu katika mwili wa mtu. Dada yangu Rehema alikaa mstari wa mbele, akijivuna kwa ajili yangu.

Miaka michache kabla ya kustaafu nilihisi kitu mbele ya sikio la kulia, kwenye tezi ya mate. Kidogo kama kunazi, hakiumi, kinateleza. Nilikijua. Uvimbe wa namna hiyo kwa kawaida hukua polepole na si saratani, ila ukiachwa miaka unaweza kugeuka. Nikapatana nao: usikue, nami sitakugusa. Mimi nilitimiza ahadi. Ulipofikia ukubwa wa ndimu nikaacha kwenda kwa kinyozi ili nywele zifunike, nikashusha kilemba, na kila aliyeuliza nilimwambia ni jino. Niliogopa watasema, aliyekata nyama za wenzake sasa zamu yake. Hiyo ndiyo aibu niliyoiona kubwa kuliko ugonjwa, mimi msemaji.

Kadzo, ambaye kufikia hapo ndiye mkuu wa maabara, alinikuta arusini akakiinua kilemba bila kuomba ruhusa.

"Mwalimu, jino hili limeota sikioni?"

Ndani ya tezi ile hupita mshipa wa fahamu unaoendesha uso. Uvimbe ulikuwa umeukumbatia, daktari wa upasuaji akalazimika kuukata pamoja nao. Baadaye Kadzo aliniwekea kioo changu mwenyewe kwenye hadubini, akasogeza kiti. Zilikuwa ni zile zile, seli za ukingoni, maana tezi ya mate nayo inazo, safari hii zangu, zimezaana bila idadi, zimelitoboa gamba la uvimbe zikatoka nje: ulikuwa umegeuka saratani. Nikahesabu tena. Kadzo akaniacha nihesabu.

Aliyeniuguza ni Rehema. Asubuhi moja alikuwa akinilisha mahamri kwa mbaazi, tui likinitiririka upande uliolala, naye akinipangusa kwa ncha ya leso. Akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nazi, kwamba naye anao uvimbe, titi la kushoto, tangu kabla ya Ramadhani. Nikamwambia twende kwa Kadzo sasa hivi. Akaendelea kunipangusa.

"Kaka, wewe uliyejua ulinyamaza miaka. Mimi nisiyejua unanikimbiza wapi?"

"Utazame uso wangu, Rehema."

"Nautazama kila siku. Ndio unaonitisha."

Nimewahi kupatana na madalali wa mashamba wakaondoka wakiniombea dua. Dada yangu nimemshindwa. Kadzo amekwenda kwake, akapewa chai na habari za mvua. Nikianza zile hotuba zangu za Mambrui, Rehema hunimalizia mwenyewe, neno kwa neno, na mikono yangu anaiigiza. Wala hanidhihaki. Alizisikiliza kweli, na hapo ndipo uso huu, upande unaosikia bado, huniwaka moto.

Ijumaa baada ya swala atakuja tena na mbaazi zake. Msinipe pole. Ikiwa yuko kati yenu aliyewahi kuficha, kisha akaaminiwa na mtu aliyemwona akificha, na anifundishe alianza na neno gani.