Mkono Usiotaka Kusaidiwa

Kiwanda chetu cha maziwa hapa Mukurweini kilipoleta roboti wa kupanga kreti, hatukuonyeshwa roboti mwenyewe kwanza. Tulivishwa miwani mizito, na ndani yake nikaona chumba chetu kile kile: sakafu, mkanda wa kupitishia pakiti, hata mlango. Mkufunzi alisema ni nakala iliyotengenezwa kwa kompyuta, tujifunzie humo bila mtu kuumia. Niligusa ukuta, nikashika hewa. Sijui kama naeleza vizuri, sikusoma mbali.

Mimi nilipita jaribio mara ya kwanza. Mwenzangu, mama mmoja ambaye tumepakia maziwa pamoja miaka mingi, alianguka mara mbili. Akianguka tena angerudishwa nje kuosha kreti kwa maji baridi, na vidole vyake tayari vilikuwa vinamuuma.

Kosa lake lilikuwa moja tu, sote tuliliona kwenye skrini ya mkufunzi. Roboti akiinua kreti, yeye anakimbia kumsaidia. Kwetu mtu akiinua mzigo, iwe kuni au gunia la nyasi, huwezi kusimama ukimtazama, unamtwika. Basi akinyoosha mikono tu, taa nyekundu inawaka, roboti anasimama.

"Mathe, huyo si mtu!" mkufunzi akacheka.

"Najua si mtu. Mikono ndiyo haijui."

Nilimwona kijana wa dharau, lakini nisimwonee: roboti wa kweli angeweza kumvunja mama mkono. Tena ni yeye aliyemsikiliza mwenzangu alipouliza, "Huyu akiniangalia, anaona nini?"

Akabonyeza kitu. "Sasa uko mahali pa roboti. Nakurudishia ulivyofanya saa ile, ujione."

Mwenzangu akageuza kichwa huku na huku ndani ya miwani. Kisha, "Ai! Kumbe nikija, namwacha na kreti juu hivyo?"

"Anabaki nayo mpaka utoke."

"Woi. Na mimi nikidhani nampunguzia!"

Mara ya tatu alishika aproni kwa mikono yote miwili. Kreti ikapanda. Akaikaza aproni, akarudi nyuma. "Pita, pita," akamwambia. Roboti akapita, taa ikabaki kijani.

Bado najiuliza kwa nini mikono yangu mimi ilitulia tangu mwanzo. Labda nilielewa haraka. Labda mimi si mtu wa kukimbilia mzigo wa mwingine.

Yeye alivua miwani, akapangusa macho. "Na akichoka?"

"Hachoki, mathe. Umepita."

"Tutaona," akasema, akaenda kuchukua glavu zake za kazi ya ndani.