Blanketi la Pembetatu Nililolitundika Kanisani

Aibu nyingine mtu huzikwa nayo, lakini hii yangu ilionwa na kanisa zima, na watu wa Kashikishi, huku Nchelenge, wanaikumbuka kuliko ninavyoikumbuka mimi, kwa hiyo heri niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mume wangu (yeye anaongeza chumvi, anasema nilicheza ngoma juu ya benchi, na mimi sikucheza, nilisimama tu).

Ilikuwa mwaka tisini na tisa. Tulikuwa na mwaka mmoja Nchelenge, upande wa Zambia, tulivuka ziwa kutoka Kilwa ya Kongo kukimbia vita, mimi na mume wangu na watoto wanne na cherehani ya mkono niliyoipakata kwenye mtumbwi kama mtoto wa tano. Aliyetupokea ni Bana Chola, yaani Mama Chola, muuza samaki ambaye kabla ya vita nilikuwa nikimletea vitenge. Alitupa chumba chake cha nyuma bila kuuliza tutakaa siku ngapi, na Jumapili ya kwanza akanipeleka kanisani kwake, akanikalisha katikati ya akina mama wa kushona, akasema kwa Kibemba, na nilielewa nusu, kwamba huyu ni ndugu yangu, asiachwe peke yake. Likumbukeni hilo, maana ndilo linalofanya mpaka leo nikiwaza habari hii masikio yaniwake moto.

Akina mama hao walishona mablanketi ya viraka kwa mabaki ya vitenge waliyopewa na mafundi wa sokoni, na yalikuwa mazuri, sikatai, ila yote yalikuwa mraba, mraba, mraba, ukiona moja umeona yote. Mimi nilikuwa na kiburi cha sindano. Nilizaliwa Likasi, kambi ya wafanyakazi wa migodi, masista wakatufundisha kushona mpaka tukaota mishono, na moyoni nilikuwa nikijiambia kwamba hawa wenzangu hawajaona kitu. Basi Mwape, binti wa Bana Chola, alipochumbiwa, nikasema blanketi la harusi nitalishona mimi, na halitakuwa la mraba.

Sasa nimtaje Ba Kalaba. Huyu bwana alikuwa karani katika ofisi ya mradi mmoja wa samaki, mteja wangu wa mandazi, mama yake mtu wa Pweto, upande wetu wa ziwa, ndiyo maana Kiswahili chetu kilimtoka bila kujikwaa. Ofisini kwake kulikuwa na kompyuta iliyofungwa kwenye waya wa simu, na alikuwa akiisifu kama mtu anavyosifu shamba lake.

"Mama Ilunga," akaniambia siku moja anatafuna andazi, "humu ndani muko dunia muzima."

"Na bulangeti ya biraka iko?"

"Kuya tuangalie."

Nikaenda. Jamani, ninyi mnaofungua simu leo mkapata kila kitu kabla hamjapepesa jicho, hamjui raha tuliyoipata sisi! Kwanza ile mashine ililia, ikakoroma, ikapiga filimbi, nikadhani imeharibika, Ba Kalaba akacheka akasema inasalimiana na wenzake wa Lusaka. Halafu picha zikaanza kushuka taratibu, mstari kwa mstari, mtu anapata muda wa kuomba Mungu zifike. Kumbe huko ng'ambo kulikuwa na wanawake, wengi wao vikongwe, ambao hawakuwa na kazi nyingine ila kushona viraka na kuwaonyesha watu bure. Mmoja alikuwa na ukurasa wa kufundisha kukata pembetatu kwa kukunja karatasi, mwingine alikuwa ameweka picha ya paka wake na wajukuu na maua yanayowaka na kuzima, na chini kabisa kulikuwa na majina ya rafiki zake, ukibonyeza jina unabisha hodi kwa mwingine, na kwa huyo kwa mwingine tena, na kila mlango una daftari la wageni ili uandike umetoka wapi. Nilijisikia nimeingia kijiji cha mafundi. Sijawahi kufurahi vile mbele ya mashine, na sitafurahi tena.

Saa sita bosi akarudi, nikafukuzwa. Nikamwomba Ba Kalaba anitafutie mchoro mmoja mzuri wenye pembetatu, na wiki iliyofuata akanipitishia dirishani karatasi aliyoichapa kwa mashine ya ofisi. Pembetatu kwa safu, ncha zimegeukiana, katikati viduara, rangi nyeusi na nyeupe tu. Nikasema huyu mzungu ana macho! Sikuuliza chochote. Nikanunua kitambaa cheusi na cheupe, na kwa kuwa harusi haifai kufanana na msiba nikaongeza chekundu, tena chekundu cha kukolea. Ile karatasi yenyewe nikaikatakata kuwa vipimo. Nilishona mlango umefungwa mwezi mzima, Bana Chola akipita anagonga, "Ndugu, unashona nini?" nami najibu, "Utaona tu!" na anacheka anakwenda zake. Laiti ningemfungulia mlango siku moja tu.

Siku ya harusi nikawahi kanisani alfajiri na mume wangu, tukalitundika blanketi ukutani nyuma ya mimbari, kubwa, limenyooka, linaonekana toka barabarani. Watu wakaingia. Wanaume wakatazama, wakakaa. Wanawake wakatazama, wakasimama. Mimi nikaona wamepigwa na butwaa kwa uzuri (kiburi hakina dawa), na mchungaji hajafika hata nusu ya sala ya kwanza, bibi mmoja mkavu, Banakulu Mulenga, aliyekuwa akiogopwa na akina mama wote wa pale, akatoka kwenye benchi lake, akafungua kitenge chake cha juu, akaenda mbele, akalifunika blanketi langu.

Hapo mwenye akili angenyamaza. Mimi nikadhani ni wivu, au uzee. Nikaenda nikakifunua. Akafunika. Nikafunua tena, na kwa kuwa nilikuwa nimeshasimama, na watu wote wananitazama, nikapanda kwenye benchi nikaanza kulieleza blanketi, nikipita na kidole pembetatu moja moja, kwamba tazameni hii inaingia hapa, na hii inatokea hapa, na hiki kiduara kinakaa katikati! Mume wangu akapiga makofi, wanaume wengine wakamfuata, mmoja akasema aleluya. Wanawake walikuwa wamejifunika nyuso. Nikamtafuta Bana Chola kwa macho, nikamwona analia, na si kile kilio cha mama wa bibi harusi.

Akina mama wawili walinishusha, mmoja kila kwapa, wakanitoa nje, na nje ndipo nilipoelezwa. Wenyeji wa huku wana mafundisho ya binti anayekwenda kuolewa. Anafundishwa ndani, mlango umefungwa, na mama mkubwa wanayemwita nachimbusa, kwa nyimbo na kwa michoro ya pembetatu na viduara inayopakwa ukutani, na rangi zake ni tatu: nyeusi, nyeupe, nyekundu. Mwanaume haioni hiyo michoro mpaka anakufa. Na nachimbusa wa pale alikuwa nani? Banakulu Mulenga. Nami nilikuwa nimeitundika kanisani mbele ya mababa na mashemeji, nikaifafanua.

Aibu yangu mwenyewe ningeibeba. Kilichoniua ni Jumatatu, nilipoitwa mbele ya Banakulu Mulenga na mabibi wenzake wa mafundisho nikamkuta Bana Chola ameketi chini, peke yake, kichwa kimeinama.

"Weye njo unakaa naye nyumba moja," Banakulu Mulenga alikuwa akimwambia, kwa Kiswahili cha sokoni ili nami nisikie. "Weye njo ulimuonyesha."

"Awe, mukwai, hapana mama. Miye sikumuonyesha hata kintu kimoja."

Aliyetoa siri kwa mgeni hakai tena na wenzake. Hafundishi, haitwi harusini, akifiwa wanakuja wachache. Mwanamke aliyenipa chumba alikuwa anakaribia kupoteza watu wake wote kwa ajili ya kiburi changu.

"Banakulu," nikasema, "Bana Chola hana kosa. Ile michoro nilitoa mu interneti."

"Huyo Interneti anakaa kijiji gani?"

"Hapana mutu, mama. Ni mashini. Bazungu banatia picha mule ndani."

Wakacheka bila furaha. Wakataka karatasi. Nikawaletea ungo wa vipande, pembetatu na viduara vya karatasi, hata mimi nisingejiamini. Basi nikasema twendeni mkaone kwa macho yenu, na wakanyanyuka, mabibi sita kwa mstari, Bana Chola nyuma, barabara nzima ya Nchelenge inatutazama.

Ba Kalaba alipotuona akashika kichwa. "Bosi iko ku Mansa, atarudia saa ine. Ingieni mbio!"

Tatizo likaja palepale: Ba Kalaba ni mwanaume, na Ba Kalaba peke yake ndiye aliyejua kuiendesha ile mashine. Nikasema lakini ameshaiona, ndiye aliyenipa. Banakulu Mulenga akasema aliiona bila kujua ni nini, sasa anajua, si kitu kimoja. Wakashauriana. Mwishowe walimpa nafasi ya kuandika anwani, halafu wakamfunika kichwa na kitenge mpaka kifuani, na mimi nikawa macho yake.

"Shuka! Shuka tena! Hapana, umepita, rudisha!"

"Mama Ilunga, mushale uko wapi?"

"Uko ku paka! Toka ku paka!"

Picha ikaanza kushuka. Paa la nyumba. Nywele nyeupe. Miwani. Kidevu cha bibi wa Kizungu anayetabasamu. Mabega. Na pale vidole vilipoanza kuonekana vimeshika ncha ya kitambaa, simu ikakatika, picha ikaganda.

"Amekufa?" Banakulu Mulenga akauliza.

"Hapana, mama, ni simu," ikajibu sauti ndani ya kitenge.

Tukaanza upya, filimbi, kukoroma, paa, nywele, miwani. Nilikuwa nimemshika Bana Chola mkono na sikumbuki niliushika lini. Safari hii ikashuka mpaka chini: bibi wa Kizungu ameshika blanketi, pembetatu kwa safu, ncha zimegeukiana, katikati viduara. Ila lilikuwa la buluu na njano.

"Rangi ilikuya namna gani?" Banakulu akanigeukia.

Nikamgeukia Ba Kalaba, yaani kitenge. "Weye! Mbona ulinipa nyeusi?"

"Wino ya rangi ya kuchapia ilikwisha tangu Pasaka," kitenge kikasema.

Banakulu Mulenga hakucheka. Alisogea, akapitisha kidole kwenye kioo, safu kwa safu, midomo ikisogea kama anayeimba kimoyomoyo, akamtazama yule bibi wa miwani kwa muda mrefu sana. Halafu akapiga magoti na kumpigia makofi taratibu, kama wanavyosalimiana wakubwa wa huku.

"Huyu hakuiba," akasema. "Huyu balimufundisha mu nyumba yake. Ni mwenzetu." Kisha akamnyanyua Bana Chola kwa mikono yake mwenyewe, akamfuta vumbi kwenye kitenge, mbele ya wote. Bana Chola akalia kwa sauti, na mimi nikalia kumshinda.

Kabla hatujatoka, Banakulu akaamuru Ba Kalaba aandike kwenye daftari la wageni la yule bibi, na akaandika humohumo gizani bila kuona herufi: Sisi wanawake wa Nchelenge tunakusalimu, tumeona kazi yako, nani alikufundisha? Jibu likaja baada ya wiki kadhaa, Ba Kalaba akatutafsiria. Bibi yule alisema alifundishwa na nyanya yake, jikoni, baridi ya theluji ikiwa nje. Banakulu akasema, "Si niliwaambia?" kana kwamba alikuwa pale jikoni.

Adhabu yangu? Kuku mmoja, na kufundishwa. Mtu mwenye watoto wanne, nikaketishwa chini, miguu nimeinyoosha, pamoja na bibi harusi wa mwezi uliofuata, nikaanzia mwanzo kabisa, na nikikosea wimbo Bana Chola alikuwa wa kwanza kucheka. Niliyofundishwa siyasemi. Lakini siku nilipotoka mle ndani sikuwa mgeni tena Nchelenge, na hilo hakuna cherehani ingeweza kunipa.

Banakulu Mulenga hayupo tena, Mungu amweke pema, na ofisi ile ilifungwa zamani. Blanketi langu lilichukuliwa siku ileile ya harusi, sikurudishiwa tena, nasikia bado wanafundishia. Siku hizi simu yangu ina michoro ya viraka mingi hata siwezi kuimaliza, inafika yote kwa mpigo na rangi zake zote, hakuna anayekoroma wala kupiga filimbi, na wakati mwingine naizima tu kwa kumkumbuka yule bibi kikongwe aliyepigia kioo magoti. Ila nimeapa: sikati kitambaa kabla sijampelekea Bana Chola mchoro auone. Naye mpaka leo, kabla hajavaa miwani, kwanza anamtoa mume wangu nje.