Mwenyeji Anayeomba Uraia

Aliyeitoa siri yangu hadharani ni jirani yangu, mzee mfugaji aliyehamia Ufipa na ng'ombe wake kutoka Usukumani. Hakukusudia. Ilikuwa wakati wa kuandikisha wapiga kura, na mtaa mzima ulikuwa umepanga foleni kwenye uwanja wa shule ya msingi, watu wamejifunga mablanketi na kofia za sufi, maana baridi ya Sumbawanga haijali shughuli ya serikali. Mimi nilikuwa napita zangu kwenda kununua mkaa. Mzee akanishika mkono na kunivuta kwenye foleni.

"Mwalimu mzima! Unafundisha watoto wetu, lakini siku ya kujiandikisha unajificha kwenye mkaa."

"Mzee, mimi siwezi kujiandikisha."

"Huwezi una ugonjwa gani?"

"Mimi si raia."

Mama mmoja aliyekuwa akimnyonyesha mtoto aligeuka, na mtoto naye akageuka.

"Si raia wa wapi?" akauliza mzee.

"Wa hapa. Mimi ni Mzambia."

Akanitazama kuanzia viatu hadi kofia, kama mtu aliyeuziwa ng'ombe mwenye mimba kisha akaambiwa ni dume. "Wewe si unatoka Mbala?"

"Ndiyo, mzee."

"Mbala ni hapo tu! Mimi nimetembea na ng'ombe msimu mzima kufika hapa, nimevuka mito, nimezika ndama njiani. Leo mimi ndiye mwenyeji na wewe wa hapo ndiye mgeni?"

"Kuna mpaka katikati, mzee."

"Mpaka!" akacheka. "Ng'ombe wangu hawajauona."

Niliondoka na aibu ambayo sikujua niiweke wapi, kwa sababu sikuwa nimemdanganya mtu. Nilikuja Sumbawanga kijana, nimeajiriwa kufundisha fizikia kwenye sekondari ya misheni, na tangu siku hiyo sijawahi kukaa bila kibali halali cha ukaazi. Kila kilipokaribia kwisha nilivaa koti, nikaenda ofisi ya uhamiaji, nikahuisha. Ila watu walisahau kwamba mimi ni mgeni, na kosa lilikuwa la lugha. Kwetu tunasema Kimambwe, ambacho ni ndugu wa Kifipa. Juma langu la kwanza nilikwenda sokoni, nikawasikia akina mama wakinisema kwamba mwalimu mpya ana miguu kama ya korongo. Nikawajibu kwa Kimambwe kwamba korongo huyo anataka nyanya. Walicheka hadi mmoja akaketi juu ya vitunguu vyake. Tangu hapo nikawa mtu wao. Nikaoa binti wa mji mdogo wa Laela, nikapata watoto, nikalima mahindi na ulezi, nikazika na kuzikiwa. Hata mimi kuna miezi nilikuwa nasahau.

Mke wangu hakuwahi kusahau. Jioni ile nilipomsimulia habari ya foleni, alikuwa anasonga ugali wa ulezi, na aliusonga kwa nguvu kuliko ugali ulivyohitaji.

"Baba watoto, mimi nimechoka kuolewa na mtu wa kuhuishwa."

Angekuwa yeye ndiye mgeni na mimi mwenyeji, ndoa ingempa njia fupi. Kwa mwanamume aliyeoa hapa njia ni ile ndefu: ukae, ukae kihalali, ukae mpaka uzoeleke, uwe na tabia njema, ujue lugha, ndipo uombe. Kukaa nilikuwa nimekwisha kukaa. Kilichobaki ni kuomba. Nikaomba.

Miongoni mwa masharti lilikuwapo moja ambalo nililiona dogo. Mwombaji hutangaza gazetini kwamba anaomba uraia, ili mwenye sababu ya kumpinga aseme. Nikapeleka tangazo pamoja na picha yangu ya pasipoti, ile ambayo mtu huambiwa asitabasamu. Nikarudi kwenye mitihani yangu.

Sasa, magazeti huku kwetu huja kwa basi, na hayaji mengi. Moja likishasomwa hutembea mkono kwa mkono, mwishowe hufungia maandazi. Sina hakika ni mkono wa ngapi uliolifikisha Laela, lakini nadhani lilifika likiwa na mafuta, na maandishi yameanza kufifia. Picha yangu ilikuwa imesalimika. Na mtu wa kawaida akiona picha ya mtu wa kawaida gazetini, hana tabasamu, na jina lake kamili chini yake, hudhani jambo moja tu.

Jumamosi nilikuwa nimeketi barazani nimevua viatu, nakula samaki, mgebuka wa kukaanga aliyetoka ziwani Kasanga, nikasikia kilio kikija kutoka barabarani. Ni kilio ninachokifahamu, cha wanawake wa Laela, kinachoanzia chini kama gari linalopanda mlima. Nikafikiri, maskini, nani huyo? Nikanawa haraka nikasimama kwa heshima. Kilio kikakata kona kikaingia kwangu.

Mbele alikuwa shangazi wa mke wangu, amejifunga kanga kiunoni, mzigo wa unga kichwani. Nyuma yake wanawake watano au sita wa jumuiya yao ndogo ndogo, mmoja na maharage, mwingine na kuni. Walinikuta nimesimama mlangoni na mwiba wa samaki mdomoni.

Shangazi akanyamaza. Wenzake waliendelea kidogo, kwa sababu walikuwa wamefumba macho.

"Shikamoo, shangazi," nikasema.

Akautua mzigo chini polepole, akanisogelea, akanibonyeza shavu kwa kidole.

"Mkwe, u mzima?"

"Mzima, shangazi. Kuna nini?"

"Kuna nini!" Machozi yakageuka hasira hapo hapo. "Tumepanda basi tangu alfajiri. Nimelia kuanzia Laela! Konda amenipa pole. Abiria wamekusanya mchango. Halafu unaniuliza kuna nini, na samaki mdomoni?"

Mke wangu akatoka, akaliona gazeti mikononi mwa mmoja wao, akaelewa, akaketi chini kwenye sakafu. Nilidhani amezidiwa na huruma. Alikuwa anacheka hadi hawezi kusimama. Ilinibidi niwasomee tangazo lote kwa sauti, neno kwa neno, kama mwalimu. Nilipomaliza, shangazi akasema, "Kwa hiyo hukufa. Unaomba."

"Ninaomba, shangazi."

"Na siku zote hizi nilizokuita mkwe, ulikuwa hujaomba?"

Aliwageukia wenzake. "Unga wa msiba haurudi nyumbani," akatangaza. Basi wakakoka moto kwa kuni zao, wakapika unga wao na maharage yao, wakala, wakaimba, wakalala kwangu mpaka Jumapili. Majirani walioona moshi na wanawake wa Laela wakaja na wao kutoa pole. Mzee mfugaji alileta maziwa. Nilipokea rambirambi zangu mwenyewe kwa mikono miwili, na nakiri kwamba baadhi ya mambo mazuri waliyoyasema kunihusu sijayasikia tena tangu hapo.

Baada ya miezi nikaitwa kuhojiwa na kamati. Ndani kulikuwa na meza ndefu na maofisa, na aliyeongoza mahojiano alikuwa mama mmoja wa pwani, amevaa sweta mbili, Kiswahili chake kinateleza kama mafuta. Aliniuliza kuhusu kazi, familia, mashamba. Nikajibu. Alikuwa akiinamisha kichwa kila nilipofungua mdomo.

"Mwalimu, Kiswahili hiki umejifunzia wapi?"

"Hapa hapa Sumbawanga, mheshimiwa."

"Nasikia," akasema. Maofisa wawili, ambao ni Wafipa na waliongea kama mimi, walitazama dirishani.

Kisha akaniambia niimbe wimbo wa taifa. Niliona hapo nimefaulu. Kwanza mimi ni mwanakwaya wa sauti ya tatu parokiani. Pili, wimbo huu nimeuimba shuleni kila wiki na wanafunzi. Nikasimama. Na kwa kuwa wimbo wa taifa ni wimbo wa taifa, kamati yote nayo ikasimama, mikono imenyooka ubavuni.

Asiyejua ajue kwamba Tanzania na Zambia zina tuni moja. Maneno ni tofauti, lugha ni tofauti, lakini tuni ni ile ile. Nikiwa katikati ya wanafunzi mia, maneno hunibeba. Nikiwa peke yangu mbele ya kamati, nilivuta pumzi, nikafungua mdomo kwa sauti ya kutikisa vioo, na ukatoka wimbo wa Zambia, kwa Kiingereza, vile vile kama nilivyofundishwa darasa la kwanza.

Niliimba mstari mzima kabla masikio hayajaniambia. Nikanyamaza. Hakuna aliyeketi, kwa maana wimbo wa taifa ukiwa haujaisha mtu haketi, na hakuna aliyejua kama huu ulikuwa umeanza. Nilimwona ofisa mmoja anauma midomo, mabega yanacheza. Nilifikiria jasho la shangazi, basi la alfajiri, ugali uliosongwa kwa hasira. Nikajiona nimeyapoteza yote kwa mstari mmoja.

Yule mama wa pwani hakutikisika. "Endelea, Mwalimu," akasema. "Tuni ni nzuri. Badilisha nchi tu."

Nikabadilisha nchi. Niliimba beti zote kwa Kiswahili, na safari hii kamati nayo ikaimba pamoja nami, nadhani ili kunishika nisipotee tena.

Muda mrefu ukapita. Nilipoambiwa ombi limekubaliwa, sharti la mwisho lilikuwa kuukana uraia wa zamani, maana hapa mtu mzima hashiki nchi mbili. Niliahirisha kumpigia mama yangu simu mara kadhaa. Nilipopiga, nilimweleza kwa Kimambwe, nikizunguka zunguka. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo sasa mimi ni mama wa mgeni," akasema.

"Mama, si hivyo."

"Ndivyo. Sijasema ni vibaya." Nilisikia kuku wake nyuma. "Baba yako alikuwa akivuka huko kununua ulezi, anarudi amejifunza nyimbo za harusi zao. Sikumwuliza ni wa wapi. Wewe fanya, ila uje."

Nikaapa. Nilitamka kiapo taratibu, nikiogopa nisichanganye tena, na nilipomaliza mke wangu akapiga kigelegele ndani ya ofisi, jambo lililoleta mlinzi. Nilikuwa na furaha, na pia nilikuwa na kitu kingine kifuani, kama siku mtoto wa kwanza anapokwenda bweni.

Shule zilipofungwa nikaenda. Mpakani, upande wa Zambia, nilisimama kwenye mstari wa wageni kwa mara ya kwanza maishani. Kijana wa uhamiaji akafungua pasipoti yangu mpya, akaniuliza kwa Kiingereza kusudi la safari.

"Kumsalimia mama yangu," nikamjibu kwa Kimambwe, kwa mazoea tu.

Akainua uso, akatabasamu kwa mshangao wa kweli. "Ahaa! Unaongea lugha yetu vizuri sana, kwa Mtanzania."

Nilitaka kumweleza. Nyuma yangu kulikuwa na foleni, na gari lilikuwa linapiga honi.

"Asante," nikamwambia. "Nimejitahidi."

Akagonga muhuri, akanikaribisha Zambia.